Alhamisi za Torgny Bergdal, 1961–2009

Ndugu na majirani, mimi ni Gunvor, mama yake Torgny, nasoma wasifu wake mwenyewe kwa sababu katika familia nimebaki peke yangu.

Torgny alizaliwa tarehe 4 Novemba 1961 hapa Göteborg, mtaa wa Majorna, akiwa mtoto wangu wa pekee, akamaliza sekondari mwaka 1980 na chuo kikuu mwaka 1985, na Septemba ya mwaka huo akaajiriwa kuunda mashine pepe, yaani mashine isiyo na chuma, inayoishi ndani ya kompyuta na kuendesha programu zilizoandikwa kama hesabu tupu, naye aliiamrisha kwa kuandika mstari mmoja mmoja kwenye skrini nyeusi. Ylva, mfanyakazi mwenzake, alizoea kumtania, "Mzee, wenzako wanabofya, wewe bado unaiandikia barua mashine!" naye alikuwa akimjibu, "Angalau yangu inajibu."

Aliniambia mashine hiyo haikokotoi chochote mpaka iulizwe, na ikiulizwa hujibu kilichoulizwa tu.

Hakuoa wala hakuacha mtoto. Kila Alhamisi alikuja kwangu kula supu ya njegere, na haradali alileta yeye.

Januari 2009 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, mimi nikajua Alhamisi tarehe 2 Aprili, hospitali iliponipigia simu supu ikiwa mezani. Alhamisi zote za kati ya hapo nilimuuliza, "Umekula vizuri wiki hii?" akanijibu, "Nimekula, mama," na kama anaumwa sikumuuliza. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Mei, saa moja asubuhi, akiwa na miaka 47.

Juzi Ylva alinipeleka kwenye kompyuta ya Torgny kazini, tukakuta programu aliyoiita "mama", ambayo ni orodha ya Alhamisi zisizo na mwisho, hakuna hata moja iliyokokotolewa mpaka mtu aulizie tarehe yake. Nikaandika jina hilo na tarehe ya Alhamisi ijayo, ikajibu: tramu ya saa tano na dakika kumi, supu, usisahau haradali. Ylva akasema, "Ulizia nyingine, mama Gunvor." Nikamwambia imetosha.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, majirani tunaotumia nao ngazi moja walioleta mikate ya iliki, na wenzake wa kazini, hasa Ylva.

Pumzika salama, Torgny. Alhamisi nitapika, na haradali nitanunua mwenyewe.