Mapigo ya Msusi

Garimoshi lilikuwa karibu kufika pale msusi mjane alipomwambia mzee asiyemjua aliyeketi kando yake: "Moyo ulikuwa ukinidunda ovyo, nikadhani nimempenda fundi bomba. Kumbe ni tezi ya shingoni. Ikizidisha kazi, inavuruga umeme wa moyo."

"Basi hukupenda, mwanangu. Uliumwa."

Nyuma yao, mimi nilijifanya nasoma gazeti, ukurasa uleule tangu tuondoke.

"Nimekunywa dawa, baba. Jana nilipimwa, mapigo yamenyooka. Na bado namtaka."

"Kama moyo haukudundi, utajuaje?"

Garimoshi likasimama. Fundi bomba alikuwa kituoni, kavaa shati lililopigwa pasi upande mmoja. Msusi alijishika kifundo cha mkono kupima mapigo, akatabasamu. "Moyo umetulia, baba. Miguu ndiyo inakimbia."