Karatasi za Nyayo

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, tuliofuatana ziwa, nimesimama kwa niaba ya familia, na mnivumilie, maana miguu imechoka na sauti nayo imekauka.

Dada yetu alizaliwa tarehe 4 Juni 1957, kifungua mimba wa seremala na muuza mboga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975, na ripoti zake zote ziliandikwa kwamba ana bidii ila hasikii la mtu, jambo ambalo sisi wa nyumbani hatukuhitaji kuandikiwa.

Tarehe 1 Machi 1977 aliajiriwa katika duka la viatu, akalitumikia miaka thelathini na mitano hadi alipostaafu, na tarehe 15 Agosti 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu aliyekaa hapo mbele, fundi wa majokofu, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1983 na 1986.

Mwaka 1998 mteja mmoja, muuguzi aliyerudi kutoka ng'ambo, alimweleza habari za kituo cha watoto yatima cha huko, dada akatuma jozi thelathini za viatu kwa kukisia saizi kutokana na umri, karibu zote zikawabana watoto, akaumia sana, ndipo akaanzisha chama chetu cha kutuma viatu, yeye mwenyekiti, shemeji mfungaji wa maboksi, na mimi katibu, wala sikuulizwa. Kila Januari mlezi wa kituo humsimamisha kila mtoto juu ya karatasi, akachora unyayo wake na kututumia, na kwa kuwa maboksi husafiri miezi sita kwa meli, dada aliongeza upana wa kidole gumba mbele ya kila unyayo, ili kiatu kifike mguu ukiwa umeshakua. Shemeji alizoea kusema nyumba yake ina miguu mingi kuliko jongoo.

Mwaka 2009 dada alikuwa akimuuguza mama, kazi ikaniangukia, nami kwa uchovu nikapima karatasi kama zilivyo, nikasahau kidole. Viatu vilifika, mlezi akashukuru, hakuna aliyelalamika, ila kwenye picha tuliyotumiwa tuliwaona watoto wote thelathini na wanane wamekunja na kukanyaga visigino vya viatu vipya, huku wanatabasamu. Dada aliibandika picha ile ukutani juu ya meza yake, na laiti angenifokea, ningepata nafuu.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2022, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, sisi tukipokezana zamu. Jamani, tulichoka, nasema kweli, na Desemba iliyopita mimi na shemeji tulikubaliana chama kifungwe, nikaandika barua ya kukiaga kituo. Tarehe 21 Januari, kabla sijaituma, bahasha ya nyayo ikafika, nikaificha kabatini chini ya mashuka. Kila nilipokwenda hospitali dada aliniuliza kama karatasi zimefika, na kila mara nilimjibu kwamba bado, posta siku hizi wanajikokota. Jumanne aliuliza tena, nikamjibu vilevile, na Jumatano tarehe 19 Februari 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, bado anazisubiri. Nisamehe, dada.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotupikia tulipokuwa hatuna hata nguvu ya kuwasha jiko, na wenzake wa duka la viatu, mliomtembelea mpaka mwisho. Barua ile nimeichana. Jana nilikaa kwenye meza yake, chini ya picha ile, nikapima karatasi zote arobaini na moja, na kila moja nimeiongezea kidole, kwa hiyo mwenye nguvu ya kufunga maboksi tukutane pale nyumbani Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, kwa sababu mgongo wa shemeji umegoma na mimi peke yangu siwezi.

Pumzika kwa amani, dada, karatasi zimefika.