Chakula cha Mchana cha Mama Mkwe

DONATUS: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

MARTINA: Huijui kwa sababu zile nyingine tatu umezifungia. Ni yule mwanamke ambaye ukimwona barabarani unageuza shingo. Jumanne ulipita stendi na pikipiki ya ofisi, macho yako yakakutana na yangu, ghafla ukaanza kusoma tangazo la dawa ya panya. Umesimama pale unasoma mpaka mwisho! Inaua kweli, Bwana Samaki?

DONATUS: Mama Limi.

MARTINA: Kumbe sauti unaijua!

DONATUS: Shikamoo, mama.

MARTINA: Marahaba, Baba Abel. Mwadila. Za ofisini?

DONATUS: Mwadila, mama. Salama. Ila niko kikaoni, nitakupigia baada ya—

MARTINA: Kikao gani kina redio, na mwenyekiti anatafuna karanga?

DONATUS: Mama Limi, kama ni lile bomba la mtambo wa dhahabu linalomwaga kijitoni, nilishakwambia suala liko kwenye mchakato—

MARTINA: Nani kataja bomba? Mimi nimetaja bomba? Wewe ndiye umelitaja. Mimi leo sina malalamiko hata kidogo, niko kazini na wageni wangu. Nina swali la samaki tu, na wewe ndiye Bwana Samaki. Nikamuulize nani, bwana shamba?

DONATUS: Uliza basi. Haraka.

MARTINA: Nina haraka gani? Mimi kazi yangu ni ya kutwa. Si unaijua? Boti, watu wanne, siku nzima. Tunatoka Nkome kukipambazuka, hatuendi mbali, tunaambaa na ufuko tu. Kila mtu na mshipi wake na ndoano yake. Mchana wanakula walichovua. Jua likipoa, tunarudi.

DONATUS: Nimesikia. Hongera. Swali?

MARTINA: Wageni wa leo ni akina mama wa kwaya, kutoka Shinyanga. Hawajawahi kupanda boti. Mmoja alipokanyaga ubao tu akaanzisha wimbo wa mazishi! Lakini yupo mmoja kiboko, Baba Abel. Ana miaka sabini na moja, kitenge kakikaza kiunoni, mshipi anauvuta kama anamtoa ndama zizini. Kapata sato watatu peke yake. Wenzake wanamwita Mayu Ritha, mama yao wote. Mbona karanga zimenyamaza?

DONATUS: Ritha... Ritha wa wapi?

MARTINA: Wa Shinyanga, si nimesema. Mama yake Esta. Esta mkeo.

DONATUS: Mama mkwe? Mama mkwe wangu yuko kwenye boti yako?

MARTINA: Tena kakaa mbele kabisa. Esta kamlipia, zawadi ya kustaafu uongozi wa kwaya. Hakukwambia?

DONATUS: Aliniambia anampeleka mama ziwani! Mimi nikajua kupunga upepo, soda, picha, basi! Siyo— (mtandao unakwaruza) —vua kabisa!

MARTINA: Haloo? Unakatika.

DONATUS: Nasema mko wapi sasa hivi?

MARTINA: Tumetia nanga. Mahali pazuri, kivuli cha miamba, hakuna wimbi. Maji yana rangi kidogo. Kama chai ya maziwa iliyolala.

DONATUS: Mama Limi. Wapi?

MARTINA: Kwenye mdomo wa Kijito cha Mabula. Haloo? Haloo, Bwana Samaki? Au umepata tangazo lingine la kusoma?

DONATUS: Ondokeni hapo.

MARTINA: Kwa nini? Swali langu ndilo hilo. Samaki wa hapa wanalika?

DONATUS: Mama, sikiliza—

MARTINA: Nakusikiliza tangu mwaka juzi. Tarehe tisa Aprili, mkutano wa kijiji, turubai la bluu, wewe umevaa shati la kijani lenye mifuko miwili. Ukasimama ukasema, "Nimepima. Maji ni salama. Samaki wanalika. Anayesema vinginevyo ni mchochezi." Ukaninyooshea kalamu. Watu wakacheka. Mimi na darasa la saba langu nikakaa chini.

DONATUS: Yale yalikuwa mazingira ya—

MARTINA: Akina mama wakakuletea sahani ya sato. Ukasema una vidonda vya tumbo.

DONATUS: Nilikuwa navyo!

MARTINA: Vimepona? Mwezi wa sita, ng'ombe sita wa Sostenes wakanywa hapa hapa, wakalala wasiinuke. Ukaandika wamekula majani ya muhogo. Sostenes hana hata shina moja la muhogo, Baba Abel! Analima pamba!

DONATUS: Naomba tuyaongee mimi na wewe, siyo kwenye simu. Kesho.

MARTINA: Kesho Mayu Ritha atakuwa ameshakula. Paskalia mpishi wangu kashateremka kwenye miamba, jiko limekolea. Ndimu ipo, chumvi ipo. Pilipili Mayu kaikataa.

DONATUS: Usimpe.

MARTINA: Nisimpe pilipili? Nimesema kakataa mwenyewe.

DONATUS: Usimpe samaki! Mama ana presha.

MARTINA: Samaki na presha wapi na wapi? Daktari wake ndiye anayemkataza nyama, anamwambia ale samaki. Kanieleza mwenyewe tangu Nkome.

DONATUS: Basi mpe ugali na maharage!

MARTINA: Mtu kalipiwa kutwa nzima ya kuvua, nimpe maharage? Nitasemwa mpaka Kahama! Mkataba wa boti yangu ni mmoja: ulichovua ndicho unachokula.

DONATUS: Basi mpe simu niongee na— hapana! Hapana, usimpe!

MARTINA: Nimpe, nisimpe?

DONATUS: Nitamwambia nini? Mama mkwe! Miaka kumi na miwili sijataja chakula mbele yake. Nikimwona njiani nateremka kwenye mtaro apite. Leo nimpigie nimwambie ateme?

MARTINA: Analijua hilo la kumkwepa. Mwezi uliopita alikuja Geita, ukamwona sokoni, ukakimbilia dukani kwa Jashvant nyuma ya magunia ya sukari. Alikuona. Akazunguka mtaa mzima ili upate nafasi ya kutoka. Anakusifu mpaka leo, kwamba Esta kaolewa na mtu mwenye adabu.

DONATUS: Nampigia Esta sasa hivi, ampigie mama yake.

MARTINA: Mpigie. Ila simu za abiria zote ziko kwenye ndoo yenye mfuniko. Ni kanuni yangu, zisilowe. Na Esta atakuuliza kwa nini mama yake asile. Utamjibu nini? Maana Esta kanipa habari nyingine nikashangaa. Eti nyumbani kwenu samaki ni wa Chato tu. Miaka miwili! Unapanda basi mwenyewe Jumamosi kwenda kununua. Ukamwambia wa huku wananuka dizeli. Kakuamini, maskini. Ungemwambia ukweli, leo asingemlipia mama yake boti.

DONATUS: Mama Limi, nakuomba. Kama mwanao.

MARTINA: Subiri kidogo. (mbali na simu) Paskalia! Siyo ndoo hiyo, we! Ile ya pili! Ile tuliyokuja nayo!

DONATUS: Ndoo gani mmekuja nayo?

MARTINA: Boti ina ndoo nyingi. Ya chambo, ya kukumbia maji, ya simu. Unataka kuzihesabu? Dakika zangu chache, bwana.

DONATUS: Sikia, chukua boti, sogea hata kilomita mbili—

MARTINA: Kashawekewa sahani.

DONATUS: Mnyang'anye!

MARTINA: Mimi? Mchochezi? Nimnyang'anye mkwe wa Bwana Samaki samaki ambao Bwana Samaki mwenyewe kasema wanalika? Nina cheo gani? Mimi ni dereva wa boti. Anapuliza kipande. Ana mkono mwepesi wa kuchambua miiba huyu bibi!

DONATUS: Mama Limi!

MARTINA: Tulia, wanaanza kusali. Unawasikia? Wanaimba sala ya chakula, sauti nne. Una bahati kukutana na kwaya, mtu mwingine angeshameza. Beti ni tatu. Ya kwanza hiyo inaisha.

DONATUS: Mwambie... mwambie kuna taarifa kutoka ofisini...

MARTINA: Taarifa gani? Wanafika ya pili.

DONATUS: Taarifa tu!

MARTINA: Haina kichwa, haina miguu, bibi ana njaa tangu alfajiri. Huyu wa sauti nzito kafumba macho kabisa. Beti ya tatu hiyo, Baba Abel. Kipande kiko mkononi.

DONATUS: Asile! Asile mtu yeyote hapo! Nilipima! Kuna zebaki, mama, kuna zebaki kwenye tope na kwenye samaki! Karatasi ninayo! Iko kwenye droo yangu, hii hapa, asile!

MARTINA: Tangu lini?

DONATUS: Nini?

MARTINA: Hiyo karatasi. Iko kwenye droo tangu lini?

DONATUS: ...Machi.

MARTINA: Machi ya mwaka juzi. Kabla ya mkutano.

DONATUS: Ndiyo.

MARTINA: Ukiwa nayo, ukanyoosha kalamu.

DONATUS: Wewe huwajui watu wa ule mtambo, Mama Limi. Wanakuja wanacheka, wanakuuliza mtoto anasoma wapi, usafiri wako ukoje...

MARTINA: Kumbe ile pikipiki siyo ya—

DONATUS: Usiseme.

MARTINA: Sisemi. Waliosikia wameshasikia. Simu iko spika.

DONATUS: Spika? Tangu saa ngapi?

MARTINA: Tangu uliposema "mama mkwe wangu." Niliona siyo heshima kumsengenya bibi wa watu akiwa hatua tatu.

DONATUS: Mungu wangu. (mtandao unakwaruza) —mekula? Haloo! Amekula?

MARTINA: Anakula.

DONATUS: Mama Limi!

MARTINA: Kaa chini, usianguke na kiti. Hao sato aliwavua saa mbili asubuhi, huko rasi ya pili, maji unaona mpaka mchanga. Hapa tumetia nanga tu, ndoano zao zote hazina chambo. Ulidhani naweza kumlisha mwanamke wa watu zebaki, nikijua? Hiyo ni kazi ya mwingine.

DONATUS: (anavuta kamasi)

MARTINA: Unalia?

DONATUS: Amesema nini? Mama. Amesema nini?

MARTINA: Kwanza amemaliza kuchambua samaki wake. Sasa anasema hivi. Subiri, nasogea karibu... Anasema aibu ya mtu kumwonea mkwe wake anaijua, na ameipokea miaka kumi na miwili kwa moyo mweupe. Aibu ya mtu kulionea bomba hajawahi kuisikia kwao.

DONATUS: Mwambie nimekosa.

MARTINA: Anakusikia. Anasema hutalipia kosa kwa kujificha nyuma ya sukari. Uje. Yeye na kwaya yake watahamia ng'ambo ya miamba, watandike kitenge, ili upite bila kukutana naye uso kwa uso. Adabu yako itabaki nzima. Lakini hawaondoki mpaka wakuone umeinama pale na chupa zako za kupimia. Wamelipiwa kutwa, na jua bado kali.

DONATUS: Kesho asubuhi na mapema nakuja na timu nzima, na gari—

MARTINA: Kesho hapana.

DONATUS: Utaratibu unataka barua, mama—

MARTINA: Sostenes na wenzake wameshakaa juu ya bomba tangu saa tano. Wanaume saba na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Vijana wa mtambo wamekuja wamewatazama, wameondoka wakipiga simu. Ikifika jioni watawafukuza hawa, watalichimbua, watalifukia lingine mahali pengine. Kesho na timu yako nzima na gari utapima maji masafi kama machozi, utaandika karatasi safi, utaisoma chini ya turubai. Unasikia?

DONATUS: Nasikia.

MARTINA: Muda wangu wa maongezi unaisha, imebaki dakika moja. Inuka.

DONATUS: Mama Limi—

MARTINA: Usinijibu, inuka! Vuta droo. Nataka niisikie. Ehee. Chukua karatasi. Iko mkononi?

DONATUS: Iko mkononi.

MARTINA: Muhuri?

DONATUS: Upo. Chupa ziko kabatini, lakini... ngoja. Ngoja kidogo. Mkuu wangu anaingia.

MARTINA: Mkuu mwenyewe?

DONATUS: Yuko mlangoni. Ananiangalia. Nitakupigia akishatoka—

MARTINA: Usikate! Ndiye mwenye saini ya kufunga mtambo, si ndiye? Akitoka umekwisha, utakaa tena. Mwambie asimame hapo hapo!

DONATUS: Anauliza naongea na nani.

MARTINA: Mwambie na Nkome! Msomee, Donatus! Msomee hiyo karatasi kwa sauti, kuanzia tarehe, sasa hivi, kabla haja—

(Muda wa maongezi unaisha, simu inakatika.)