Pikipiki ya Mbao ya Fundi Tsuma na Pilau Iliyotuacha Vinywa Wazi

Fundi Morgan Tsuma anastaafu leo, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na mitatu katika kiwanda chetu cha kuunganisha pikipiki hapa Changamwe. Hiyo ndiyo sentensi pekee iliyosalia katika wasifu nilioandika wiki iliyopita. Mengine yote niliyafuta jana, na naomba radhi ikiwa msomaji ataona kwamba mwandishi hajatulia. Sijatulia. Hakuna aliyetulia kiwandani humu.

Hata hivyo wasifu ni wasifu, na mwenyewe anastahili kusimuliwa kwa mpango. Fundi Tsuma alitoka Kaloleni akiwa kijana, akaajiriwa idara ya baiskeli, enzi ambazo kiwanda hakijaijua pikipiki. Biashara ya bodaboda ilipochangamka, idara ikageuzwa, naye akageuka nayo. Hupenda kusema kwamba pikipiki yenyewe ilikua vivyo hivyo, kwa kuwa watengenezaji wengi wa mwanzo huko ng'ambo walikuwa mafundi wa baiskeli waliofunga injini kwenye fremu walizozizoea.

Kazini ni mtu wa uangalifu uliopita kiasi. Mara moja alibakiwa na nati moja mkononi baada ya zamu, akakataa katakata pikipiki za siku ile zitoke. Tulifungua zote tukinung'unika. Nati ikaja kugundulika ni ya kiti cha meneja, na aliyeigundua ni meneja mwenyewe, akiwa sakafuni.

Sifa yake kubwa ni somo la siku ya kwanza. Hakuna mwajiriwa mpya aliyeshika spana hapa kabla ya kuketi chumba cha mafunzo na kumsikiliza. Husimulia baiskeli za mvuke zilizotangulia, zilizobeba tanuri chini ya mpandaji. Husimulia ile ya Ujerumani ya mwaka 1885, ya kwanza kutumia injini ya petroli: fremu ya mbao, magurudumu ya mbao yenye pete za chuma, na vigurudumu viwili vya pembeni vya kuizuia isianguke. Injini iliwashwa kwa mrija uliopashwa moto, na mrija ulikuwa chini ya kiti, kwa hiyo yasemekana katika safari ya mwanzo kiti kilishika moto. Hapo Fundi huwashauri wanafunzi wake kwamba anayetaka kupanda pikipiki kama ile avae suruali asiyoipenda. Darasa hucheka, na somo huishia hapo. Siku zote liliishia hapo.

Miaka minne iliyopita alianza kuiunda upya pikipiki hiyo, apate kitu cha kuwaonyesha wageni wa kazi. Injini aliitoa kwenye pampu ya maji iliyokufa. Magurudumu alichongewa na mafundi wa Bombolulu. Mbao zote nyingine alizitoa kwenye kreti ambamo vipuri vyetu huja, akazipinda na kuzilainisha wakati wa mapumziko ya chakula, lakini mihuri ya kreti hakuifuta. Alisema mihuri ile ndiyo kabila la mbao zake. Uongozi ulipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, alikataa saa ya ukutani, akakataa godoro. Aliomba jambo moja, kwamba pikipiki yake ya mbao isimame chumba cha mafunzo siku zote, ili somo liendelee akiwa hayupo. Akakubaliwa. Juzi akaifungua vipandevipande, akaviweka nyuma ya stoo vipigwe vanishi.

Sasa nifike kwenye ya jana, ingawa mkono unakataa. Ni desturi yetu kwamba siku moja kabla ya hafla ya wakubwa, idara humpikia mstaafu pilau yake. Na ni desturi ya zamani zaidi kwamba kreti tupu ndizo kuni za sherehe zetu. Mpishi, Bi Mwanarusi wa Likoni, alimwomba kuni Bramwel, mtunza stoo wetu. Bramwel akaenda nyuma ya stoo, akaona mbao zilizorundikana, akaona mihuri ya kreti. Akambebea zote mwenyewe, kwa heshima, pamoja na magurudumu aliyoyadhani ya mkokoteni mbovu.

Lo! Pilau ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka sasa. Fundi Tsuma alikula sahani mbili, akasimama kwenda kumsifu mpishi, na hapo mekoni akaona ncha ya fremu ikichungulia chini ya sufuria, ile iliyopindwa kama pembe.

"Bi Mwanarusi, kuni hizi umezipata wapi?"

"Kanipa Bramwel, baba. Kavu hizo! Wallahi hazina hata moshi."

Bramwel aliketi chini palepale kwenye mchanga na kushika kichwa. "Mzee, niliona mihuri. Nilijua ni zile za kila siku," alisema, akarudia, akarudia tena. Bi Mwanarusi aliumwagia maji ule moto, ingawa ulikwisha kula chakula chake. Na Fundi Tsuma, ambaye hatujawahi kumwona akilia hata siku alipopondwa kidole, alilia mbele yetu sote. Hatukujua tumtazame au tutazame kando.

Alipojifuta uso alitushtua upya. Alituambia kwamba ile ya Ujerumani nayo iliungua. Moto uliteketeza kiwanda mwaka 1903, ukaondoka nayo, na zinazotazamwa leo katika makumbusho ni nakala zilizoundwa na watu wengine baadaye. Miaka yote hiyo alitunyima mwisho wa hadithi!

"Nilichelea mtaniuliza, sasa kulikuwa na faida gani," alisema. "Nanyi mngeuliza."

Bramwel aliinuka, akachukua koleo, akaanza kupekua majivu. Alizitoa pete za magurudumu, nyeusi tititi, na boliti moja baada ya nyingine, akaziosha na kuzipanga kwenye kitambaa mbele ya miguu ya Fundi. Injini ilikuwa salama mezani chumba cha mafunzo, tangu mwanzo.

Kwa hiyo ndugu wageni, mkifika kwenye kipengele cha kukabidhi pikipiki katika ratiba ya leo, msishangae kuona injini, pete na boliti juu ya kreti moja nzima. Kipengele hakikufutwa. Tunakabidhiwa sisi, na tutaijenga sisi, kwa kreti zetu na mihuri yake. Bramwel ameomba awe wa kwanza kushika msumeno. Fundi amekubali, ila kwa sharti kwamba kuanzia sasa pilau ipikwe kwa mkaa.

Asante, Fundi Tsuma, kwa mikono yako, kwa kelele zako za nati, na kwa machozi ya jana uliyotuamini nayo. Ukapumzike Kaloleni kwa afya na furaha, wewe na wako. Tukimaliza tutakuita uje uipande wa kwanza. Njoo na suruali usiyoipenda, maana kiti tutakiweka juu ya moto, palepale ulipotufundisha.