Barua ya Kuihama Pwani

Njambi, nesi wa Madogo kwa mwaka wa tisa sasa, alikuwa katikati kwenye tuktuk ya kwenda Garissa. Kulia aliketi Kinoti, mwalimu mgeni. Kushoto Weris, muuza maziwa ya ngamia, amepakata madumu yake.

"Mama, mimi niliomba kazi Pwani," Kinoti alimlalamikia Weris. "Nikanunua hata kaptula ya kuogelea! Kushuka kwenye basi, nikapokelewa na ngamia."

Weris alicheka mpaka madumu yakagongana. "Lakini Madogo ni Pwani, wallahi! Serikali yetu ya kaunti iko Hola, huko huko Pwani."

"Bahari umewahi kuiona?"

"Ya nini? Hiyo maji ina chumvi, mbuzi hainywi."

"Pwani gani hii? Soko Garissa, hospitali Garissa. Hata barua yangu ya kuomba uhamisho naenda kuichapa Garissa."

Kicheko cha Weris kilikatika. "Uhamisho? Na mtoto wangu Sahro ndiyo kwanza anaanza kuelewa hesabu yako?"

Tuktuk ilikuwa juu ya daraja la Tana. Pwani iliishia hapo, bila hata mnazi mmoja wa kuwaaga.

"Angalia chini, mwalimu. Hii maji yote inaenda bahari. Ngoja, na wewe utafika, haraka ya nini?" Weris alisema.

Kinoti aliutazama mto, kisha karatasi aliyoandikia barua yake. Tuktuk ikasimama sokoni.

"Daktari, mwambie," Weris alimgeukia Njambi. "Madogo kuna ubaya?"

"Hakuna," Njambi alijibu, na ulikuwa ukweli mtupu. Hakutaja vazi lake la kuogelea, lililokuwa bado sandukuni na lebo yake.