Babu Velonjara Hakukaa Kimya

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Wasifu wa Babu Velonjara ambao meneja wetu, Bwana Njaka, aliusoma na kuupitisha, si huu. Ule ulikuwa mfupi na mtamu. Huu niliupeleka mwenyewe kwa mchapaji, nikamwambia ndio wa kuchapwa. Bwana Njaka hatajua upesi. Akishaona jina lake kwenye jalada, huwa hafungui ndani.

Babu Velonjara, tunayemuaga kwa chakula hiki, anastaafu leo, tarehe 30 Septemba, baada ya miaka ishirini na tisa katika ghala la vanila la Bi. Soamiary hapa Antalaha. Alianza kwa kubeba kuni za kuchemshia maji ya vanila mbichi, akaishia kuwa msimamizi wa uwanja wa kuanikia. Wengi wetu tumefundishwa naye kukunja mablanketi ya kuanikia yakiwa bado na joto la jua, ili maganda ya vanila yatoke jasho humo hadi kesho yake. Alama za mwenye mali ambazo wakulima huchoma kwa sindano kwenye maganda yangali mtini, anazitambua kama sura za watu. Mara mbili alirudisha mzigo wa wizi kwa mwenyewe, na hakuna aliyeaibishwa hadharani.

Zaidi ya hayo, Babu ni msemaji. Kwenye posa na mazishi, familia za upande huu wa mto humwita asimame azungumze kwa niaba yao. Huanza kwa kuomba radhi kwa waliomzidi umri, hata pale ambapo hakuna aliyemzidi. Kisha hujulia watu hali. Baada ya hapo ndipo huingia kwenye jambo lenyewe. Sote tumelelewa hivyo. Anayemrukia mwenzake na habari mbaya kabla ya kumuuliza ameamkaje huonekana hakulelewa na mtu.

Zamani tulikuwa na kundi la kawaida kwenye simu. Tulikuwamo sisi, mashemeji zetu, na watu ambao mpaka leo hatujui waliingiaje. Gari la mzigo likipangiwa safari, wezi walijua kabla ya dereva. Lilipotekwa kivukoni mwaka jana, Bwana Njaka alituhamishia kwenye mtandao wa ujumbe wenye ulinzi. Kila simu ina namba yake ya siri, asiye mfanyakazi haingii, na kila ujumbe hujifuta baada ya robo saa. Mambo ya kazi ni marufuku kuyasema kwa kupiga simu, maana mjini kila ukuta una jirani. Nasema kweli, tangu hapo hatujaibiwa hata sanduku moja. Ubaya hauko kwenye mtandao ule.

Siku Babu alipotuma ujumbe wake wa kwanza, alivua kofia. Alisimama katikati ya uwanja, simu ameishika kwa mikono miwili, akatuma maneno yaliyojaza kioo mara tatu. Habari yenyewe, mwishoni kabisa, ilikuwa kwamba chai imeiva. Bi. Volazara wa meza ya kuchambua akamwambia mbele yetu sote, "Babu, ukimaliza kuomba radhi uniamshe." Babu alicheka kuliko wote.

Bwana Njaka akaagiza ujumbe wa kazi uwe maneno machache. Babu alijaribu. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mwishowe akaniita. "Mjukuu wangu," akasema, "nikiandika hivi najiona kama namtemea mtu mate usoni." Akarudia desturi yake.

Mwezi Agosti, saa ya chakula cha mchana, wingu lilitokea upande wa milimani. Uwanja mzima ulikuwa umeanikwa, na watu walikuwa wamekwenda kula. Babu hakuweza kukunja mablanketi yote peke yake, akaandika kwenye kundi. Aliomba radhi kwa wakubwa. Aliuliza mguu wa Bi. Soamiary unaendeleaje. Aliwatakia wanaokula mlo mwema. Kisha akaandika kwamba mvua inakuja, vanila iko nje, tafadhali rudini sasa hivi.

Simu zetu huonyesha mstari wa kwanza tu. Watu waliona Babu anaomba radhi, wakaziweka kifudifudi kando ya sahani. Mimi huwa nakula peke yangu nyuma ya ghala, kwa sababu naona haya kutafuna mbele za watu, na ujumbe wa Babu huwa nausoma wote. Niliusoma hadi mwisho, nikakimbia. Tulivuta mablanketi sisi wawili, yeye akiniambia nishike pembe, nisikanyage, niende. Tukaokoa yaliyokuwa karibu na mlango. Mengine yalilowa, na ndani ya wiki ukungu ukaila vanila yake.

Watu walipofungua kundi baada ya kula, ujumbe ulikuwa umeshajifuta.

Kwenye kikao Bwana Njaka alimtaka Babu aonyeshe alichotuma. Babu akanyoosha simu yake, na kioo kilikuwa kitupu. Nilisimama. Sijawahi kusimama kwenye kikao, na sauti ilitoka ndogo. Nikasema nimeusoma, nikautaja neno kwa neno, pamoja na habari ya mguu.

"Uko wapi huo ujumbe, binti?" akauliza Bwana Njaka.

Nikasema umejifuta.

"Basi haupo. Kaa."

Wengine walicheka kidogo. Bi. Volazara, ambaye simu yake nayo iliingiwa na ujumbe ule, alikuwa anaangalia kucha zake. Sikumlaumu siku ile, kwa kuwa naijua hofu. Leo namlaumu.

Babu aliandikiwa barua ya kustaafu mapema. Inasema kwamba mvua ilipokaribia "alikaa kimya". Mtu aliyetukanwa miaka yote kwa kusema sana, ameondolewa kwa kukaa kimya. Hakuomba abakizwe. Aliomba neno hilo moja liondolewe, akaomba kwa heshima, kwa hotuba ndefu, na Bwana Njaka akamkatisha kabla hajafika kwenye ombi. Neno limebaki. Mwezi huu kulikuwa na posa kwa majirani zake wa ukuta mmoja, na wakamwita msemaji mwingine kutoka ng'ambo ya mto. Walisikia kwamba Babu siku hizi hunyamaza panapohitajika maneno. Alikwenda kama mgeni, akala wali, akarudi nyumbani mapema.

Babu, kwa niaba ya walionituma na wasionituma, asante kwa mikono yako na kwa kila salamu ambayo hatukuisoma. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na watu wa kukusikiliza.

Wenzangu, katika ratiba Babu amepewa dakika tatu za kujibu, baada ya soda. Ataanza kwa kuomba radhi, kama kawaida yake. Naomba msiguse simu. Msikilizeni mpaka afike kwenye jambo lenyewe, hata wali ukipoa. Na wale mlioiona salamu yake mchana ule mnajijua. Akimaliza, simameni mseme mbele ya Bi. Soamiary kwamba iliingia. Mimi nitasimama wa kwanza, ila sauti yangu peke yake ilishapimwa ikaonekana haitoshi.

Bwana Njaka ameketi meza ya mbele. Mpaka Babu atakapokuwa ameshika kipaza sauti, tafadhali kunja ukurasa huu, uuweke chini ya sahani, na usimwambie mtu.