Vikombe Ishirini na Vitatu vya Vesterli

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, mkae mahali ninapowaona nyote watatu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Karsten, acha kuinamisha kichwa kana kwamba umekwisha kuanza kuniombea, bado nipo. Joyleen, rozari yako irudishe mfukoni, inanipigia kelele. Na wewe Lorna, toka hapo mlangoni, sogea, kwa sababu yanayokuja ni yako.

Shamba la ngano ni la Karsten, maana ndiye aliyelilima, na nyumba hii ni ya Joyleen, pamoja na mapazia yake na panya wake. Hayo mlikuwa mnayajua. Limebaki kanisa la Vesterli, lililorudi mikononi mwetu lilipofungwa, kwa kuwa kiwanja alikitoa babu wa baba yenu kwa sharti hilo. Najua, Karsten, umekwisha kupata watu wa Minneapolis wanaotaka kuligeuza nyumba na kuweka beseni la kuogea pale madhabahuni. Wape jibu langu: haliuzwi. Sasa tulieni niwaambie kwa nini.

Mmenijua kama mama wa Kilutheri asiyekosa Jumapili, aliyewasema mmoja mmoja mlipoondoka. Karsten alipohamia lile kanisa la Fargo lililokuwa duka la magodoro, lenye ngoma na mashine ya moshi, nilimwambia amekwenda disko. Joyleen alipokuwa Mkatoliki kwa ajili ya mume, nilikaa mwaka mzima bila kumpigia simu. Lorna alipojaza fomu ya hospitali na mahali pa dini akaandika "hakuna", nilimuuliza mbele ya nesi kama hata kudanganya kulimshinda. Basi sikieni aibu yangu. Mimi niliacha kuamini siku tuliyomzika baba yenu, mwaka ule wa mafuriko, na tangu hapo nilikuwa nakwenda kunywa kahawa, na kwa kuwa Verna Skogen angenisengenya nisipokwenda.

Tulipobaki waumini watano, mchungaji wa kuazima alitugawia vikaratasi tupige kura, tufunge au tuendelee. Watatu walitaka kufunga. Verna alikufa akiamini mimi nilikuwa mmoja wa wale wawili. Nilikuwa wa tatu. Nilikuwa nimechoka kuosha vyombo, Karsten, usinitolee macho. Miaka hamsini chini ya kanisa, kwenye jiko lile lisilo na dirisha, navunja yai kwenye kahawa pamoja na ganda lake ili isafike, nachemsha, namwagia maji baridi machicha yazame, halafu naosha vikombe ishirini na vitatu, kila kimoja kina selotepu chini yenye jina la mwenyewe, maana watu wale walisameheana uzinzi lakini si kikombe.

Jumapili iliyofuata baada ya kufunga nilikwenda kuchukua birika langu la bluu, ambalo Verna alikuwa anawaambia watu ni lake. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali nje. Nilipoanza kushuka ngazi nikasikia harufu ya kahawa. Birika lilikuwa la moto. Vikombe vilikuwa mezani, kila kimoja mbele ya kiti cha mwenyewe, na kingo zake bado zimelowa kahawa. Cha Gudrun Moe kilikuwa na ile rangi yake ya mdomo ya chungwa, na Gudrun mimi mwenyewe ndiye niliyemvalisha kabla ya kumzika. Vilivyokuwa safi ni vitano tu, vyetu sisi tuliopiga kura.

Sikupiga kelele. Nilifunga aproni nikaosha. Ungefanya nini na vikombe vichafu?

Tangu siku hiyo nimeviosha kila Jumapili, mlipodhani nakwenda kufagia. Kila mmoja wa wale wenzangu wanne alipokufa, kikombe chake nacho kilianza kuchafuka. Cha Verna kilichafuka hata kabla hawajamfukia. Sasa kilichobaki safi ni changu peke yake, na Jumapili iliyopita nilikikuta kimevutwa karibu na cha Verna, kimegeuzwa mdomo juu, tayari kumiminiwa.

Joyleen, mbona umepauka? Nadhani umekumbuka. Nilipofanyiwa operesheni ya nyonga nilikosa Jumapili tatu. Wewe ndiye uliyenirudisha nyumbani, ukaingia jikoni kwanza, ukaniuliza, "Mama, ulikuwa na wageni?" Nikakwambia ni majirani. Mezani hapa nyumbani palikuwa na vikombe ishirini na viwili vichafu, bado vina uvuguvugu. Basi ndivyo walivyo. Wasipooshewa kule, wanakuja kwa mwoshaji. Hawataki kujua mnasali kwa ngoma, kwa rozari, au hamsali kabisa.

Kwa hiyo kanisa ni la Lorna. Nyamazeni! Wewe Karsten utawakemea kwa jina la Yesu, na wao walimjua Yesu kabla hujazaliwa. Joyleen ataleta padri na ubani, na Verna atakufa mara ya pili kwa hasira. Lorna ataosha.

Unasemaje? Sema kwa sauti. "Mama, mimi siamini mambo haya." Ndiyo maana nimekuchagua. Mimi pia siamini, binti yangu, na vikombe vinachafuka vile vile. Ufunguo uko hapa chini ya shuka, mkononi mwangu. Vidole vyangu havifunguki, vifungue wewe. Usilie, vuta tu. Haya. Umeushika? Sijakuomba kingine tangu nikuzae.

Nizikeni karibu na baba yenu, pasiwe na ngoma. Kahawa iwe ya yai, si ile ya mashine. Na msigombane juu ya nani ameacha nini. Nyumba nzima tuliacha, mimi wa kwanza, na nikawadanganya. Mungu, kama yupo, awalinde. Kama hayupo, lindaneni wenyewe.

Leo ni siku gani? Jumapili... Na saa? Saa nne imepita. Hakuna aliyekwenda.

Nani amewasha jiko? Wote mko hapa. Nasikia harufu... ya yai, na ganda lake.

Lorna. Hicho kikombe hapa kando ya mto wangu wa kulalia, nani amekileta? Kiinue taratibu, kimejaa. Soma selotepu. Soma tu, mwanangu.

Ndiyo. Nilijua.

Nenda jikoni sasa, aproni iko nyuma ya mlango. Anza na cha Verna, asije akalalamika. Osha vyote. Changu... kiache kwanza. Bado sijanywa.